Daftari la Geti Kuu

Polisi aliyesimama kando ya meza ya walinzi alikuwa na tabia ya kutazama mabegi kwanza, nyuso baadaye. Alhamisi hiyo, saa tisa alasiri, foleni ya wanafunzi ilianzia geti kuu la chuo ikaishia kwenye kona ya maktaba. Kompyuta sita za maabara zilikuwa zimeyeyuka ndani ya juma moja, na mlango wa maabara haukuwa na hata mkwaruzo. Basi kila aliyekuwa anatoka na kompyuta mpakato alitakiwa kuitafuta namba yake kwenye daftari la geti. Utaratibu ulikuwa wa zamani: muhula ukianza, mwanafunzi akiingia na kompyuta, mlinzi wa zamu anaandika namba ya mashine, namba ya usajili na tarehe, kisha anatia sahihi. Wakati wa kutoka, namba isipoonekana, kompyuta si yako mpaka uthibitishe.

Binti alikuwa kwenye foleni na hakuwa na wasiwasi. Alikuwa mwaka wa tatu, akisomea takwimu, na mitihani yake ya mwisho ilikuwa inaanza Jumatatu. Tena aliyekaa mezani siku hiyo alikuwa Filimbi, mlinzi aliyefanya kazi na baba yake miaka nenda miaka rudi, aliyemjua tangu anavaa sare ya shule ya msingi. Filimbi ndiye aliyempachika jina la Mkuu wa Chuo. Akimwona kwa mbali asubuhi husema geti lifunguliwe, Mkuu wa Chuo amefika; walinzi wenzake hucheka, naye hupita bila kusimama. Daftari lilikuwa la watoto wa watu wengine.

Polisi akataka namba. Binti akaigeuza kompyuta akaisoma. Filimbi akafunua daftari la muhula huu, kisha la muhula uliopita, kisha la mwaka jana. Alijua fika kwamba haimo, lakini alilowesha kidole na kufunua kurasa polepole, kama mtu anayetarajia kuiona ukurasa unaofuata.

"Haipo, afande," akasema.

"Uko mwaka wa ngapi?" polisi akamuuliza binti.

"Wa tatu."

"Miaka mitatu kompyuta yako haijaingia chuoni hata siku moja. Ila kutoka, inatoka."

Waliokuwa nyuma wakacheka. Binti akamtazama Filimbi, akangoja aseme neno. Filimbi alikuwa anafuta meza kwa kiganja, na meza haikuwa na vumbi. Polisi akauona mtazamo ule, akauliza kama wanafahamiana.

"Wanafunzi ni wengi, afande," Filimbi akasema. "Sura zinafanana."

Wiki mbili tu zilizopita mtu huyu alikaa sebuleni kwao, akala sahani mbili, akamsifu mama kwa mapishi. Binti akafungua mdomo, akaufunga. Akisema kwamba hajaandikwa kwa sababu ni mtoto wa mlinzi, swali litakalofuata litakuwa mlinzi gani, na baba yake alikuwa hatua mia tatu kutoka pale, lindoni kwenye geti la nyuma. Akanyamaza. Polisi akaandika kwenye kijitabu chake kwamba amenyamaza.

Wakamwambia amwage begi mezani. Zikatoka kalamu, kikokotoo, kanga kuukuu, pakiti ya pedi. Polisi akaigeuza ile pakiti kwa ncha ya kalamu mbele ya foleni nzima. Kompyuta ikazuiliwa, ikafungwa kadi ya kidhibiti ya polisi yenye namba yake, na binti akapewa karatasi ya kumtaka afike kituoni Jumamosi saa tatu asubuhi na risiti, au na aliyemuuzia. Mkuu wa Ulinzi wa chuo, mtu wa simu mbili asiyeongea na mtu bila kuitazama mojawapo, akaongezea kwamba namba yake ya mtihani itashikiliwa mpaka polisi wamsafishe. Bila namba ile haingii chumba cha mtihani.

Binti akauliza kwa nini wasilinganishe namba yake na zile sita za maabara, mambo yaishe. Polisi akajibu kwamba ofisi ya vifaa bado inazitafuta.

Nyumbani habari zilifika kabla yake. Mama alikuwa dobi wa hospitali, na siku hiyo alirudi mapema, mikono imesinyaa na inanuka dawa ya kung'arishia mashuka. Baba aliingia jioni na sare zake. Hakuvua buti. Alivuta kiti akakaa mbele ya binti yake, magoti yao karibu yagusane, akaanza kumuuliza aliinunua kwa nani.

"Baba, si unajua? Kwa yule kaka aliyekuwa anamaliza chuo. Ulikuwepo alipoileta."

"Niliona kijana amekuja na mfuko. Alikoipata sikuona."

Akauliza risiti. Haikuwepo, kijana alisema imepotea. Akauliza simu yake. Haipatikani tangu mwaka jana. Akauliza alikuwa anakaa bweni gani, alisomea nini, kwa nini aliuza rahisi vile. Kila jibu alilipokea kwa kutikisa kichwa kidogo. Binti aliujua vizuri mtikiso ule wa kichwa, maana aliwahi kumwona akiutoa getini kwa watu aliokuwa hajawaamini.

Mama akatua beseni alilokuwa amelishika.

"Unamhoji mwanao au unamhoji mwizi?"

Baba akasema anataka kujua yote ili huko mbele asije akashangazwa. Mama akamwambia asimletee za kuleta. Nani alizunguka vibanda vya walinzi mwaka wa kwanza akiwaambia huyu ni wa kwetu, msimsumbue na madaftari? Baba akajibu kwamba alisema vile kwa nia njema. Mtoto alikuwa mgeni, foleni ndefu, anachelewa vipindi.

"Basi hiyo nia njema kaiseme kituoni," mama akasema.

"Nikiisema unga umemwagika. Wangu, wa Filimbi, na wa wale vijana wawili wa zamu ya asubuhi. Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu, mama watoto. Kumi na minne."

Kutoandika mzigo unaopita getini ni kosa la kufukuzwa, bila onyo wala barua ya pili, na hata mama alilijua hilo. Binti akainuka, akachukua ndoo, akaenda kuoga.

Aliporudi chumbani alimkuta baba yake amechuchumaa kando ya kitanda. Begi lilikuwa wazi, mkono wake uko ndani ya mfuko wa pembeni, na kona ya godoro imeinuliwa.

"Umepata nini, baba?"

Baba akasema alikuwa anatafuta risiti. Wote wawili walijua kwamba risiti haipo. Akafunga zipu taratibu, akalaza godoro, akatoka bila kumtazama usoni. Kule getini binti alikuwa amepekuliwa mbele ya watu na hakutoa chozi. Sasa akakaa kitandani na kanga yake mbichi, akalia mpaka mama akaja kumfunika mabega.

Ijumaa, kabla ya zamu yake, baba alipitia geti kuu. Hakujua atamwambia nini Filimbi. Alikuwa na hasira naye, na papo hapo alikuwa anamhitaji. Filimbi mwenyewe alimpokea kwa tabasamu, akamvuta nyuma ya kibanda, kwenye tangi la maji.

"Mambo shwari," akasema. "Nimeshamweka."

Akatoa daftari la muhula uliopita kutoka kwapani. Kwenye ukurasa mmoja, mstari wa mwisho ambao kwa kawaida huachwa wazi, palikuwa na namba ya usajili ya binti, namba ya mashine yake na tarehe. Namba ya mashine Filimbi aliichukua kwenye kadi ya kidhibiti wakati polisi anakunywa chai. Hata rangi ya wino aliitafuta ikafanana. Mwisho wa mstari palikuwa na sahihi. Baba akaitazama kwa muda. Ilikuwa sahihi yake mwenyewe, na mkia wake vilevile.

"Hii zamu ilikuwa yangu," akasema.

"Ndiyo maana nikaichagua. Ningeandika zamu yangu wangeniuliza mbona jana sikuiona. Hapa utaulizwa wewe, na baba hakani mwandiko wake mtoto akiwa matatani. Au unakana?"

Hesabu ilikuwa imekaa sawa, na hapo ndipo baba alipoingiwa na woga. Alishukuru, akaondoka. Njiani kuelekea geti la nyuma akajiuliza Filimbi alijifunzia wapi kuiga sahihi ya mtu vizuri vile, na kama hii ilikuwa mara ya kwanza. Mara akaona haya kumwazia mabaya mtu aliyetoka kumfanyia hisani. Lakini wazo lile likiingia halitoki. Kutwa nzima alipekua mabegi kwa namna ambayo hajawahi, mpaka mhadhiri mmoja akamuuliza kama anaumwa.

Baba hakumwambia binti yake. Alijidanganya kwamba siri ikiwa ya wachache ni salama zaidi. Kweli yenyewe ni kwamba alikuwa hana hakika naye. Kama aliiba, mstari ule utamfunika. Kama hakuiba, utamfunika vilevile. Na yeye baba hatalazimika kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Kwa mke wake alisema tu kwamba jambo limeshughulikiwa. Mama akamuuliza limeshughulikiwa na nani, naye akaanza kutafuta kofia yake.

Kituoni, Jumamosi, waliambiwa waingie wawili tu. Mama akabaki kwenye benchi la nje. Ndani palikuwa na meza, makabati ya chuma, na kompyuta ya binti imekaa mezani na kadi yake. Mkuu wa Ulinzi alikuwa ameegemea ukuta akibonyeza simu. Mpelelezi hakuwa yule polisi wa getini; alikuwa mtu mpole, aliyewavutia viti mwenyewe na kuwauliza kama wamefika salama, na upole ule ulimtisha baba kuliko kelele.

Akaanza na binti. Risiti hakuna, muuzaji hapatikani, hayo akayaandika bila kugomba. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Ulipoileta chuoni mara ya kwanza, nani alikuandika?"

Baba akakohoa. Binti akamtupia jicho, asielewe kikohozi kile ni cha nini. Angeweza kusema hakumbuki. Angeweza kumtaja mlinzi yeyote, wako zaidi ya ishirini. Lakini alijua jibu la kweli linaelekea kwa nani, na jibu lingine lolote angelazimika kulilinda kesho na keshokutwa.

"Sijawahi kuandikwa," akasema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Napita tu."

Mpelelezi akavuta daftari, akalifungua palipowekwa karatasi ya alama, akaligeuzia upande wa binti. Binti akaona namba yake. Akaona na sahihi, aliyoijua kwenye ripoti zake zote za shule. Akaelewa kwamba baba yake amefanya jambo na hakumwambia, akaelewa na sababu ya kutomwambia. Akainua macho akamtazama, na baba akashindwa kustahimili.

"Basi mmoja wenu hapa ananidanganya," mpelelezi akasema. "Mzee, huu mwandiko ni wako?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi mno. Daftari lilisema ndiyo, sahihi ilisema ndiyo. Binti angeonekana msichana aliyebabaika akasahau, namba ya mtihani ingerudi, na yeye angerudi getini kumalizia miezi yake. Lakini baba alikuwa anafikiria jambo lingine. Aliwaona wezi wengi katika kazi ile. Wote hawakosi mtu wa kumtaja, na jibu lao huwafaa wao kwanza. Huyu hapa alikuwa ametoa jibu lisilomfaa hata kidogo. Na Alhamisi mezani alinyamaza kwa ajili yake, akaacha waandike kwamba amenyamaza. Siku mbili amemwinda mtoto wake ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aibu ilimpanda hadi masikio yakawa ya moto.

"Si wangu," akasema. "Sahihi imeigwa. Nilionyeshwa jana nikanyamaza. Mtoto huyu hajaandikwa, na aliyesema asiandikwe ni mimi."

Mkuu wa Ulinzi akaweka simu zote mbili mfukoni.

Mpelelezi hakushtuka. Alifungua jalada lake akatoa karatasi yenye namba sita, akailaza kando ya kompyuta. Zilikuwa namba za mashine za maabara, na ya binti haikuwemo. Karatasi ilikuwa na muhuri wa Jumatano. Kisha akawaonyesha picha alizopiga kwa simu Alhamisi jioni, ukurasa mmoja baada ya mwingine, na kwenye ukurasa ule mstari wa mwisho ulikuwa mtupu.

"Daftari nililiacha getini makusudi," akasema. "Kompyuta ya chuo haitoki getini mpaka mlinzi aiandike daftarini kama ya mwanafunzi. Nilitaka nione nani ana mkono mwepesi. Mzee, ungesema ndiyo, ungelala hapa."

"Kwa hiyo Alhamisi ulijua hii si ya chuo?" binti akauliza.

"Nilijua."

"Na namba yangu ya mtihani?"

Mpelelezi akasema hayo ni mambo ya chuo, akaisogeza kompyuta upande wa binti. Hakusema pole. Mkuu wa Ulinzi akamwambia afike ofisini Jumatatu saa moja asubuhi atapewa namba yake, naye baba akaambiwa arudishe sare leo hii, na kitambulisho. Wakati huo Filimbi, aliyekuwa na daftari mikononi tangu Alhamisi, alikuwa ameshachukuliwa getini. Baba hakupata kujua kama mtu yule alikuwa anamwokoa binti yake, au alikuwa anatafuta jina la mtu mwingine la kuweka kwenye daftari lenye madhambi yake.

Baba alibakizwa kutoa maelezo. Binti akatoka na kompyuta kifuani, akakaa kwenye benchi na mama, akamsimulia. Mama alishukuru Mungu kwa mtihani, kisha akaanza kusugua vidole vyake. Miezi kumi na minne, akasema baadaye, kwa sauti ya kujisemea. Akauliza kama baba amepigwa, akaambiwa hapana.

Saa nzima ikapita. Mpelelezi akatokea mlangoni akamwita binti kwa kidole. Mzee amekuja bila miwani, akasema, na sheria inataka maelezo yasomwe kabla ya kutiwa sahihi. Amsomee, akikubali atie sahihi. Yeye anakwenda kutafuta muhuri, aliyeuazima hajaurudisha. Akawaachia chumba na karatasi tatu za mwandiko wa mkono.

Binti akasoma akiwa amesimama. Karatasi ya kwanza ilikuwa na miaka ya kazi, malindo, utaratibu wa geti. Ya pili ilikuwa na vibanda vya walinzi, na lile tangi la maji, na maneno ya Filimbi kama yalivyosemwa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayesoma tangazo. Baba alisikiliza akiwa ameinama, akisema "sawa" mwisho wa kila sentensi. Karatasi ya tatu ilikuwa na mistari michache.

"Swali," binti akasoma. "Wewe mwenyewe ulipata kumshuku binti yako kwa wizi huu? Jibu."

Akaishia hapo. Jibu lilikuwa la neno moja.

"Soma," baba akasema.

"Ndiyo."

"Sawa."

"Swali: Kwa muda gani? Jibu: Tangu Alhamisi jioni mpaka leo, alipojibu swali lako. Swali: Una la kuongeza? Jibu: Nilipekua begi lake na kitanda chake. Najua si kosa la kazi, lakini naomba liandikwe."

Baba hakusema sawa. Nje mtu alikuwa anaburuta benchi, na sauti ya mama ilisikika ikimwambia apite tu, hapana shida.

"Ungeweza kukataa," binti akasema. "Mimi nisingesema. Na yeye asingejua."

"Wewe ulikuwa unajua."

Ilimuuma kuisoma, na ilimuuma zaidi kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini hasira aliyokuja nayo asubuhi haikuwa tena na pa kushika. Hakumwambia amemsamehe, maana alikuwa hajamsamehe, na baba hakuomba. Aliiweka karatasi mezani, akampa kalamu. Baba akaishika, akaihamisha huku na huku juu ya karatasi akitafuta mahali penyewe.

"Wapi?"

"Hapa."

Akaweka kidole chake chini ya mstari, akakiacha hapohapo mpaka baba alipomaliza kutia sahihi. Kisha akavuta kiti akakaa kando yake, wakamsubiri mpelelezi arudi na muhuri.